Kushuka Ramisi kwa Maji ya Bamvua

Jumanne, 1 Oktoba 1963

Mawingu upande wa Shimba. Mvua haikunyesha.

Mwalimu wa jiografia ametutaka sisi wa darasa la nane tuandike hali ya hewa kila siku mpaka vuli iishe. Wenzangu wataandika mstari mmoja mmoja. Mimi nimechukua daftari zima, kwa sababu darasani sisemi, na yale nisiyoyasema huwa mengi.

Baba amekohoa tangu adhuhuri.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jua kali. Mwezi mpevu.

Alasiri Baba ameniita barazani. Alikuwa ameegemea nguzo, shuka mabegani ingawa joto lilikuwa jingi.

“Mwanarusi, ukishamaliza mtihani wako, halafu?”

“Nikifaulu, Baba, kuna shule ya bweni ya wasichana.”

“Nani atakulipia?”

Mjomba Shutu, kaka yake Mama, ameshasema kwamba msichana aliyefika darasa la nane amesoma kuliko anavyohitaji mumewe. Kwetu mtoto ni wa wajomba zake, na neno la Mjomba juu yangu lina uzito kuliko la Baba. Mali ya Baba nayo, yaani nyumba hii, mtumbwi na minazi yake ya Bodo kule mto unakoingia baharini, haitakuwa yangu. Itakwenda kwa Mwero, mtoto wa Shangazi. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani husema dini imenipa fungu langu. Wazee humwitikia kwa heshima, kisha minazi huenda kulekule inakokwenda siku zote.

“Nikifa ni ya Mwero,” Baba alisema, kama aliyesikia ninayoyawaza. “Lakini sijafa. Mtu aliye hai humpa amtakaye. Minazi ya Bodo nakupa wewe, ikusomeshe.”

Nilisema ahsante kwa sauti ndogo hata akaniuliza nimesema nini.

Ila mnazi hautolewi kwa mdomo ukiwa umekaa barazani. Mwenyewe aufikie kwa miguu yake, auguse, aseme nimekupa, na wenye haki wawe wanamwona: Mwero kwa upande wake, Mjomba Shutu kwa upande wangu. Bila hivyo, mtu yeyote aweza kusimama kesho na kusema hakuona kitu.

Mama alitoka ndani na ungo mkononi. “Basi vijana wa hapa wakuchukue kwa kitanda. Njia ya miguu ya Bodo inapitika.”

“Kitanda chenye mtu juu yake kikipita njiani, watu huacha kazi zao wakafuata nyuma,” alisema Baba. “Sijafikia huko. Nimeshuka mto huu miaka yote na boriti na nazi na maharusi. Nitakwenda kwa mtumbwi wangu, bamvua ijayo.”

Hilo hata mimi nalijua. Maji ya bahari hupanda mto wetu wa Ramisi kila siku lakini huishia njiani kwenye mawe. Wakati wa bamvua tu, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, ndipo yanapofika kwetu karibu na daraja. Ukiondoka alfajiri yanapoanza kutoka, yatakubeba mpaka Bodo, na mchana yakianza kuingia yatakurudisha. Ni safari ya siku moja. Sijawahi kuifanya. Wasichana hawashuki mto.

Jumamosi, 5 Oktoba

Manyunyu asubuhi.

Baba ananisomesha mto. Yeye anataja, mimi nachora. Baada ya pantoni ya zamani kuna Kona ya Mikindu, halafu mahali pembamba ambapo mbega huruka kutoka ng’ambo hii kwenda ile juu ya kichwa chako. Halafu Jiwe la Mamba, ushikilie kulia. Halafu mikoko inaanza, kwanza midogo, kisha mirefu hata jua halikuoni. Kona ya mwisho inaitwa Kwa Mwenye Kelele, kwa sababu ya ndege. Ukishaipita tu, unaona vichwa vya minazi.

Alipokuwa akisema hakukohoa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua kidogo. Hesabu za vipeo. Hakuna jambo.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua baada ya adhuhuri.

Mjumbe amepelekwa Diani kumwambia Mwero. Anafanya kazi kwenye hoteli ya Wazungu, anabeba sinia. Mama na mimi tumeugeuza mtumbwi. Una ufa karibu na tezi, upande wa nyuma. Baba alikaa kwenye kibao akituelekeza namna ya kutia kalafati, pamba iliyochovywa kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, uigongomee ndani ya ufa kwa patasi. Sifa inanuka vibaya mno. Shuleni jirani yangu Dama alisogea mbali nami, akauliza kwa sauti kama kuna papa aliyehamia dawati letu. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mawingu. Mwero amejibu: atakuja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua alfajiri, kisha jua.

Mwezi umeandama. Mama aliamka kukaanga samaki na kuchoma mahamri, akavifunga kikapuni. Mjomba Shutu alikuja mapema na kanzu yake ya Ijumaa. Baba alikuwa amekwisha kuketi mtoni, fimbo kati ya magoti.

Tulimngoja Mwero. Maji yalijaa hadi kwenye mizizi ya mkwaju, yakasimama, yakaanza kutoka. Yalipofika chini ya jiwe jeupe la ukingoni Baba alisema, “Sasa hata akija tutakwama,” akainuka.

Tumekula chakula cha safari nyumbani, juu ya mkeka.

“Mrithi ana haraka gani ya kuja kutazama mali ikitoka?” Mjomba Shutu alisema huku akitafuna. “Mimi ningekuwa yeye, ningepata homa.”

“Mwero si mtu wa hivyo,” alisema Baba.

Nilimtazama Baba na kumwona mtu asiyejua kitu. Sijawahi kumfikiria hivyo. Naandika hapa kwamba namchukia Mwero.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Barabara ya shule ni tope. Baba amelala mchana kutwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua. Nilimsikia Mjomba akimwambia Mama kuna mtu wa Mwabungo, ana duka, mkewe amefariki, anatafuta msichana mtulivu. “Mtulivu kama huyu wako utampata wapi?” Niliendelea kusoma ukurasa uleule.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Nimemwonyesha Baba ramani yangu ya mto, nimeipaka rangi. Aliiweka karibu sana na macho. “Umesahau ndege,” alisema.

Ijumaa, 1 Novemba

Mawingu mazito. Mtihani.

Bamvua imeangukia siku ya mtihani. Baba angeweza kusafiri, leo alikuwa na nguvu. Jana alikula akamaliza. Lakini alisema, “Minazi ni kwa ajili ya shule. Hatuachi shule kwa ajili ya minazi. Kesho maji bado yatakuwa mazuri.”

Karatasi ya hesabu ilikuwa ngumu. Ya Kiswahili ilikuwa rahisi hata nikaogopa.

Niliporudi, Mwero alikuwa barazani. Nilikuwa sijamwona tangu nilipokuwa darasa la tano. Ana viatu vyeusi vya hotelini, na amemletea Mama sukari na mimi kaniletea kalamu ya wino.

“Bibi Kalamu huyo! Umewamaliza Waingereza?”

“Sijui.”

“Hajui! Wakati huko Diani sisi tunajua kila kitu. Juzi mama mmoja wa Kizungu kaniuliza bahari hufungwa saa ngapi.”

Baba alicheka mpaka akashika kifua.

Nilijilazimisha kumuuliza kwa nini hakuja siku ile. Niliuliza nikitazama viatu.

“Nilimwomba meneja ruhusa. Nikamwambia mjomba wangu mgonjwa. Akaniuliza, mjomba wako huyu amekufa mara ngapi mwaka huu? Maana wenzangu wote wameshazika wajomba zao wakaenda harusini.”

Baba alicheka tena. Mimi sikucheka. Ni rahisi mno kwa mtu anayejua kuchekesha.

Jumamosi, 2 Novemba

Hapa kwetu haikunyesha hata tone. Kumbe usiku ilinyesha kule juu bara.

Alfajiri tulikuwa mtoni sote, Baba kabebwa mgongoni na Mwero. Mto haukuwa ule. Ulikuwa mwekundu, umepanda mpaka njia ya ng’ombe, unachukua magogo na kichaka kizima chenye viota. Mbuzi aliyekufa alipita akizungukazunguka.

Mjomba Shutu aliuingiza majini upondo wa kusukumia mtumbwi, ukamponyoka. “Mimi nina watoto,” alisema, akarudi nyuma.

“Twende,” alisema Baba.

“Mjomba, tutakufa,” alisema Mwero.

“Nilishapita maji kama haya.”

“Ulipita ukiwa na mapafu mawili.”

Mwero alimwinamia akamwinua tena, na wakapanda kwenda nyumbani. Nilikuwa nyuma yao. Niliona mkono wa Baba juu ya bega la Mwero, umekuwa mwembamba kama wa mtoto. Niliwaza kwamba Mwero anafurahi moyoni. Nilitafuta furaha hiyo usoni mwake, nikaona jasho tu.

Tumekula chakula cha safari nyumbani.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua. Mwero amerudi Diani.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Mtihani umekwisha. Wenzangu walitupa vitabu juu wakaimba. Mimi nilivipanga vyangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Baba ametapika damu. Amepelekwa hospitali Msambweni kwa lori la miwa, Mama pamoja naye.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua. Nimekwenda kumwona. Daktari ni kijana mpole. Aliniita kando, akaniambia kwa Kiingereza, kwa kuwa aliambiwa nasoma, kwamba kifua cha Baba kimeharibika pande zote na kwamba atulie kitandani. Mama aliniuliza kasemaje. Nilimwambia kasema atulie. Sikutafsiri kilichobaki.

Baba aliuliza jambo moja tu: mwezi umefikia wapi?

Alhamisi, 14 Novemba

Manyunyu. Baba amejitoa hospitalini. Mama alilia njia nzima. Alisema kitanda ni kitanda tu, kuna aibu gani, watu wangembeba hata leo hii mpaka Bodo na jambo likaisha. Baba alisema amengoja mwezi, sasa mwezi unakuja, na mtu asimharakishe.

Nilitaka kumwambia Mama ana haki. Tena nilitaka kumwambia Baba hivyo. Niliwasha moto.

Jumamosi, 16 Novemba

Jua. Mto umeshuka, maji ni ya kijani tena.

Mwero amekuja jioni. Hana viatu vyake vyeusi, na amekuja na sanduku la mbao. Nilimuuliza ruhusa ni ya siku ngapi.

“Ndefu,” alisema. “Nimemwambia meneja kwamba safari hii mjomba ni yuleyule.”

Nilielewa baada ya kitambo. Ameacha kazi. Nimekaa jikoni na Mama nikimsaidia kukanda unga wa mahamri, na nimeona haya kwa yote niliyoandika katika daftari hili juu yake.

Jumanne, 19 Novemba

Siku mbili sikuandika. Jumapili ilikuwa jua. Jana mvua. Leo mvua.

Naandika ya Jumapili.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Baba alilazwa katikati ya mtumbwi juu ya mikeka miwili, kichwa juu ya mto wa sufi, uso kuelekea juu. Mjomba Shutu alikaa mbele, omo, na upondo, Mwero tezi na kafi. Mimi nilikaa miguuni pa Baba na kifuu cha kuchotea maji. Mama alisimama mpaka tukapinda.

Sijui namna ya kuusema uzuri wa mto ule. Nimesoma mito mingi katika vitabu vya shule na hakuna ulionifanya ninyamaze kwa sababu nyingine isipokuwa kuona haya. Ukungu ulikuwa juu ya maji kama moshi wa jiko lililozimwa. Mtumbwi haukutoa sauti. Ndege mmoja, mdiria wa buluu, alitutangulia, akatua, akatungoja, akatutangulia tena.

Baba hakuweza kuziona kingo. Aliona mbingu tu na matawi yanayopita. Lakini alijua.

“Hapa ni wapi, Mwanarusi?”

“Kona ya Mikindu, Baba.”

“Bado. Mikindu ina sauti. Sikiliza.” Kisha sauti ikaja, makuti makavu yakisuguana. “Sasa.”

Mahali pembamba mbega walikuwepo. Mmoja aliruka juu yetu na mtoto tumboni. Baba alitabasamu. “Hapa nilimwambia mamako siku ya arusi yake, asitazame juu, atapata mapacha. Akatazama. Nikapata wewe peke yako, lakini unasoma kama watu wawili.”

“Shemeji, usiseme sana,” alisema Mjomba.

“Nitasema lini?”

Tulipopita Jiwe la Mamba alianza kukohoa. Nilimshika kichwa. Kitambaa kilijaa, nikakisuuza majini, kikajaa tena. Mjomba aligeuka akatazama, akageukia mbele haraka. Mwero aliongeza mwendo wa kafi.

Kwenye mikoko mirefu palikuwa na giza na baridi. Baba alimwita Mwero. Alimwita kwa jina la ukoo wao, ambalo sikuwahi kulisikia akilitumia.

“Nikifika nitayasema mwenyewe. Nisipofika, wewe umesikia. Ni ya masomo yake. Mtu mwingine asiiguse, awe wa kwetu, awe wa kwao.”

Aliposema wa kwao mgongo wa Mjomba Shutu ulikakamaa.

“Utafika, Mjomba,” alisema Mwero.

“Rusi. Ndege?”

Nilisikiliza. Mbali kidogo palikuwa na zogo la ndege, mamia yao. “Kwa Mwenye Kelele, Baba. Tunakaribia.”

Hakusema kwamba nimekosea. Tulipinda. Mwangaza ulikuja wote mara moja, na maji yakawa mapana, na mbele nikaona vichwa vya minazi, vyeusi, vingi, kama alivyosema. Nikamwambia, “Baba, naiona.” Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa hayatazami.

Mwero aliacha kupiga kafi. Mtumbwi haukusimama, maana maji yalikuwa yakitoka, yakatuchukua vilevile. Mjomba Shutu alisema inna lillahi. Niliyafumba macho ya Baba kwa mkono wangu wenye maji. Hapakuwa na namna ya kurudi wakati ule. Tuliletwa mpaka Bodo na mto, taratibu, sote wanne.

Sasa naandika jambo nililoliona. Mtumbwi ulipogusa mchanga, Mjomba alishuka kwanza, akawa anafunga kamba kwenye mkoko. Mwero alimwinua Baba kifuani, akapanda naye mpaka kwenye mnazi wa kwanza. Hapo alimshusha, akamsimamisha. Alimshika kwapani, nyayo za Baba zikakanyaga mchanga, zikaacha alama. Akauchukua mkono wa Baba akauweka juu ya gome. Akakaa hivyo kitambo, shavu lake kwenye bega la Baba. Kisha akamlaza chini, akamwelekeza kibla, akanivua kanga ya mabegani akamfunika.

Hakunitazama.

Shangazi, mamake Mwero, anakaa Bodo. Alikuja mbio na wanawake wengine. Tulimzika Baba kabla ya alasiri, palepale. Maji yalipoanza kuingia tulirudi sisi watatu. Kikapu cha chakula hakuna aliyekifungua. Mama alikuwa amesimama pale tulipomwacha, akauona mtumbwi, akahesabu watu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua, kisha jua la uongo.

Leo wamesoma hitima. Baada yake wazee walikaa uani. Wanawake tulikuwa nyuma ya kiambaza cha makuti, Mama katikati na kanga nyeupe. Ameingia eda. Mzee Tsuma, mkubwa wa wazee, aliuliza habari ya mali.

Mwero alisimama. Alisema nyumba na mtumbwi ni vya ukoo, vitabaki kwa ukoo. “Lakini minazi ya Bodo mjomba wangu alimpa binti yake. Alifika. Mguu wake ulikanyaga pale na mkono wake ulishika mnazi. Akasema ni ya masomo, mtu asiiguse, wa kwetu wala wa kwao.”

“Alikuwa hai?” aliuliza Mzee Tsuma.

“Alikuwa hai.”

Baadaye Mama amenieleza kwa nini alilazimika kusema vile. Mwero hawezi kunipa minazi hiyo kwa mkono wake hata akitaka. Sasa si ya mtu mmoja, ni ya mama zake na dada zake na wote wa tumbo lao. Mwenye kuitoa alikuwa Baba peke yake, na akiwa hai.

“Shutu, wewe ulikuwapo.”

Mjomba Shutu alikohoa. “Nilikuwa nafunga kamba. Nilikuwa nimewapa mgongo. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo.”

Nikajua anawaza minazi kuingia kwetu, mikononi mwake. Sidhani kama aliwaza yale maneno ya mwisho ya Mwero, kwamba wa kwao pia asiiguse. Hataweza kuyakana bila kusema aliyoyaona mtumbwini, kwamba Baba alikufa kabla hatujafika.

Ndipo Shangazi aliposema, palepale kando yangu, kwa sauti kubwa kuliko desturi ya mwanamke mbele ya wazee.

“Mimi nilimpokea kaka yangu. Alikuwa amepoa. Mwanangu, unaninyang’anya mimi na dada zako kwa kinywa chako?”

“Mama, ulikuja baadaye,” alisema Mwero.

“Basi aulizwe huyu mtoto! Huyu hajui kusema uongo. Tangu azaliwe sijamsikia akisema uongo.”

Makuti yakasogezwa kidogo. Niliona ndevu za Mzee Tsuma na jicho lake moja lenye ukungu.

“Mwanangu Mwanarusi, pole na msiba. Babako alipofika kwenye mnazi, alikuwa hai?”

Nilifungua kinywa. Neno lilikuwa fupi tu. Nilikuwa nalo kabisa, hapana, nalihisi ulimini. Niliona nyayo zile mchangani. Niliona duka la Mwabungo. Niliona shavu la Mwero kwenye bega la Baba.

“Nakuuliza mara ya pili. Alikuwa hai?”

Shangazi alinishika mkono. Si kwa ukali. Alinishika kama mtu anayemshikilia mwenzake asianguke.

“Mara ya tatu, mwanangu.”

Sikusema.

Mzee Tsuma aliwageukia wenzake. “Tunapomwoza msichana tunamuuliza mara tatu, akinyamaza tunasema amekubali. Atakuwa na ulimi gani leo, juu ya kaburi la babake, ambao hana siku ya arusi yake? Amekubali. Minazi ni yake, kwa masomo.”

Wakasoma fatiha. Shangazi aliuachia mkono wangu.

Sijui kama niliogopa kusema au nilitaka kunyamaza. Nimeandika sentensi hii mara nyingi nikaifuta. Naiacha.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Shangazi atakaa hapa mpaka eda ya Mama iishe. Nyumba ni yao sasa. Amechukua chumba cha uani.

Jumapili, 1 Desemba

Manyunyu. Mjomba Shutu alikwenda Bodo na wakwezi wawili. Mwero alikuwa huko. Wakwezi walirudi mikono mitupu, na Mjomba hajatutembelea tena.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua kubwa. Mwero anavua kaa kwenye mikoko auze. Mikono yake imechanikachanika. Hoteli haikumrudisha. Nilimkuta anaosha mtego mtoni.

“Kaka Mwero,” nilisema, “hakuwa hai.”

“Najua.”

“Nitamwambia Shangazi.”

Aliendelea kuosha. “Anajua, Rusi. Yeye ndiye aliyempokea akiwa amepoa. Unataka kumwambia kitu gani asichokijua?” Kisha akasema, bila hasira, “Mimi nilisema. Wewe hukusema lolote. Nani anakudai?”

Alinipa kaa wawili nimpelekee Mama.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua asubuhi, jua mchana.

Uhuru. Wanafunzi wamekwenda Msambweni kwa lori kupandisha bendera. Ngoma zinasikika mpaka hapa. Sisi tuna msiba, hatukwenda. Nilikaa na Mama. Shangazi alikuwa uani akipepeta mchele, akasimamisha ungo kidogo ngoma zilipozidi, akaendelea.

Jumamosi, 14 Desemba

Jua. Nadhani vuli imekwisha. Mwalimu atayataka madaftari, nami nitamnakilia mistari ya mvua peke yake.

Nimefaulu. Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe kusema. Mama alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka eda, akaziba mdomo. Mwero amesema nazi za kwanza ziko tayari, atazisafirisha mwenyewe wiki ijayo.

Asubuhi hii nilimkuta Shangazi kisimani. Tangu siku ile ya wazee hajaniitikia salamu. Nilishusha ndoo.

“Shikamoo, Shangazi.”

Alivuta kamba, akajaza mtungi wake, akajitwisha. Nilimsaidia kuuinua. Aliniacha nimsaidie. Akaenda.

“Shikamoo, Shangazi,” nilisema tena, kwa sauti niliyodhani sina, hata wanawake waliokuwa ng’ambo ya kisima wakageuka. Yeye aliendelea kupanda kwenda nyumbani. Nilijaza ndoo yangu nikafuata nyuma yake, katika njia ileile, maana hakuna nyingine.